Kabla ya kununua pikapu mpya za besi, fungua sahani ya nobu

Besi ya mtindo wa Jazz Bass, yenye pikapu mbili (sumaku zenye koili zinazonasa mlio wa nyuzi) na nobu tatu, ina sauti nyingi zaidi ya zile ambazo kiwanda kimeziruhusu zitoke. Mpigaji akichoka na mlio wake, jambo la kwanza linalomjia ni kununua pikapu mpya kwa bei kubwa, wakati swichi moja, potensiometa mbili (vile vifaa vinavyozungushwa na nobu) na kapasita ya bei ya soda vingebadilisha mlio kuliko hizo pikapu. Hapa nitakaa zaidi kwenye Jazz Bass, maana ndiyo iliyoigwa na viwanda vingi vya besi za bei nafuu. Waya zake ukizielewa, nyingine hazitakusumbua.

Kampuni ya Fender walipoitoa mwaka 1960 ilikuwa na nobu mbili zilizopandana, kila pikapu na volyumu yake na toni yake. Muda mfupi baadaye wakaja na mpango tunaoujua: volyumu ya pikapu ya shingo, volyumu ya pikapu ya daraja, na toni moja ya wote. Kila pikapu ni koili moja. Ukiipima kwa multimita utapata karibu 7 hadi 8 kΩ. Waya moto wa pikapu, yaani ule unaobeba sauti, unaingia mguu wa kati wa volyumu, mguu mmoja wa pembeni unakwenda kwenye jeki (tundu la kebo), na wa pembeni mwingine unakwenda ardhini. Gitaa la Les Paul liko kinyume: pikapu inaingia pembeni, sauti inatoka katikati. Hiyo tofauti si ya bahati mbaya. Kwa mpango wa Jazz unaweza kufunga volyumu moja na nyingine ikaendelea kulia. Fundi aliyezoea magitaa akikubadilishia volyumu akaziunganisha kwa mazoea yake, ukifunga pikapu moja besi nzima inanyamaza. Ukikuta besi ya namna hiyo, hamisha waya mbili tu kwenye kila volyumu: ya pikapu iende katikati, ya kwenda jeki ije pembeni.

Volyumu zote mbili zikiwa wazi kabisa, pikapu zinafanya kazi sambamba. Mlio unakuwa safi, juu kunang'aa, katikati kumebonyea kidogo kwa sababu pikapu zinasikia uzi mmoja mahali pawili tofauti na baadhi ya masafa yanafutana. Rudisha moja nyuma kidogo, hata kwa sehemu ya kumi tu, katikati inarudi na besi inaanza kusikika ndani ya bendi. Hiyo ni bure, na wapo watu wamepiga miaka bila kuijua. Gharama yake ni mvumo. Seti nzuri ya pikapu za Jazz husukwa kinyume, koili na sumaku zote mbili zikiwa zimegeuzwa, ili mvumo wa umeme ufutike zikiwa sawa. Ukizitofautisha, mvumo unarudi kidogo kidogo. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa 50 Hz, na noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi wa E ni 49 Hz. Kwa hiyo usitegemee mtu wa mixer akuondolee mvumo kwa ikwalaiza. Atauondoa pamoja na noti zako. Mvumo unamalizwa ndani ya besi, au haumalizwi.

Sasa potensiometa, jambo ambalo wengi hulipuuza. Pikapu inabeba kila kilichounganishwa kati ya waya moto na ardhi. Volyumu mbili za 250k (kilo-ohm 250) zikiwa wazi ni 125k, na kwenye masafa ya juu toni nayo inaongeza 250k nyingine pembeni, jumla inashuka hadi kama 83k. Kadiri namba hii inavyokuwa ndogo ndivyo mng'ao unavyomezwa. Precision Bass, besi nyingine ya Fender, ina volyumu moja na toni moja, kwa hiyo pikapu yake inabeba 125k, mzigo mwepesi kuliko wa Jazz, ingawa potensiometa ni zile zile.

Namba hizo zinaleta maana ukiweka na kebo kwenye hesabu. Pikapu, ikishirikiana na kebo, hutengeneza kilele mahali fulani kwenye masafa. Chini ya kilele sauti inapita, juu yake inaporomoka. Chukua pikapu yenye indaktansi (ukinzani wa koili dhidi ya mabadiliko ya umeme) ya henry 3.5 na kebo ya mita 5 yenye picofarad 100 kwa mita. Kilele kinakaa karibu 3.8 kHz. Ukiziweka pikapu mbili za namna hiyo sambamba, indaktansi inagawanyika kwa mbili na kilele kinapanda hadi karibu 5.4 kHz. Ukizifuatanisha, yaani mfululizo, indaktansi inakuwa mara mbili na kilele kinashuka hadi karibu 2.7 kHz. Hesabu imeacha pembeni vitu vidogo, mfano kapasitansi ya koili yenyewe, lakini uwiano ndio huo: mfululizo uko nusu ya sambamba. Pikapu ni zile zile na mikono ni ile ile, lakini besi ni kama mbili tofauti. Tena kebo ya mita 10 badala ya 5 inateremsha vilele vyote hivyo. Mtu anayelalamika kwamba besi yake "imeziba" jukwaani na nyumbani haikuwa hivyo, aanze kuangalia kebo.

Ndiyo maana, kama ningeruhusiwa badiliko moja tu kwenye Jazz, ningechagua swichi ya mfululizo na sambamba. Kwenye mfululizo sauti inaongezeka, kwa nadharia mara mbili ya volti, yaani 6 dB, katikati inajaa, na juu inatulia. Inakaa karibu na tabia ya Precision, bila kuwa Precision yenyewe. Kwa muziki wa kwaya wenye kinanda kizito, ambako besi ya Jazz hupotea, mlio huo unakata vizuri. Kwa sebene, ambako unataka kila noti isimame peke yake na kidole kisikike, rudi sambamba. Na mvumo unafutika pande zote mbili, mradi pikapu zimesukwa kinyume.

Unahitaji swichi yenye miguu sita. Rahisi zaidi ni potensiometa ya kuvuta, ile ambayo nobu ikivutwa juu inabadilisha swichi iliyo chini yake, kwa sababu hutoboi besi. Angalia kina cha shimo kwanza, maana potensiometa hizi ni ndefu kuliko za kawaida na kwenye besi nyembamba hugonga mbao. Iweke mahali pa volyumu ya daraja.

Miguu sita imekaa safu mbili, tatu tatu. Tuziite safu A na safu B, na katika kila safu mguu wa 2 ni wa kati. Kabla ya kulehemu chochote pima kwa multimita nobu ikiwa chini: mguu wa kati umeshikana na upi? Watengenezaji hawafanani, usikisie. Tuseme nobu ikiwa chini 2 imeshika 1. Waya wa ardhi wa pikapu ya shingo, ambao sasa umelehemiwa mgongoni mwa potensiometa, ung'oe uulete A2. A1 ipeleke ardhini. Waya moto wa pikapu ya daraja uung'oe kwenye volyumu yake uulete B2. B1 iunganishe na mguu wa kati wa volyumu ya daraja, pale waya huo ulipokuwa. Kisha kata kipande kifupi cha waya uunganishe A3 na B2. B3 inabaki tupu. Waya moto wa shingo usiuguse, na ardhi ya pikapu ya daraja ibaki ardhini.

Nobu ikiwa chini, kila kitu kiko kama kiwandani. Ikivutwa, ardhi ya shingo inashika waya moto wa daraja, na pikapu mbili zinakuwa mnyororo mmoja. Volyumu ya daraja inakuwa haifanyi kitu, ya shingo inatawala zote. Anayeazima besi yako mwambie, la sivyo ataizungusha volyumu ya daraja jukwaani akidhani imekufa.

Kuna mtego mmoja. Kwenye baadhi ya pikapu, waya wa ardhi umeunganishwa pia na bamba la chini au karatasi ya shaba inayokinga koili. Ukiupeleka waya huo kwenye swichi, kinga nayo inabeba sauti, na ukiigusa unasikia mvumo au mlio wa kidole. Igeuze pikapu uangalie kabla. Kama kinga imeunganishwa na waya huo, itenganishe kwa kisu chenye ncha au chuma cha kulehemu, uipe waya wake wa kwenda ardhini moja kwa moja. Fanya taratibu: nyuzi za koili ni nyembamba kuliko unywele, na ukikata moja pikapu imekwisha.

Turudi kwenye mzigo wa 83k, maana ndipo wengi wanapokatishwa tamaa na mfululizo. Mzigo huo unaofaa pikapu zikiwa sambamba unakuwa mzito mno zikiwa mfululizo, kwa sababu indaktansi imekuwa mara nne ya ile ya sambamba. Kilele kinazama kabisa, na mtu anasema "mfululizo ni matope". Ukiweka potensiometa zote za 500k, mfululizo unapata uwazi ule ule wa kilele ambao sambamba ilikuwa nao kwenye 250k, lakini sambamba nayo inakuwa kali, kila mkwaruzo wa uzi unasikika. Ninachopendekeza ni volyumu mbili za 500k na toni ibaki 250k. Mzigo unakuwa 125k, sawa na wa Precision, na pande zote mbili za swichi zinatumika.

Unaponunua, A500K ni ya logi na B500K ni ya mstari kwenye bidhaa nyingi za Asia. Usiamini herufi peke yake. Zungusha hadi katikati upime: ya mstari inasoma nusu, ya logi inasoma chini sana ya nusu upande wa kuanzia. Kwa toni ninapendelea logi. Ya mstari hukaa kimya karibu njia yote halafu inafunga ghafla mwishoni. Pima pia shina na shimo. Potensiometa kubwa za Kimarekani zina shina la inchi robo na zinahitaji tundu la karibu milimita 9.5. Besi nyingi za bei nafuu zina tundu dogo na nobu za shina la milimita 6 lenye meno. Mtu hununua potensiometa nzuri, kisha anagundua haziingii kwenye sahani na nobu zake hazikai.

Kapasita ya toni ni rahisi zaidi, na imezungukwa na hadithi nyingi. Ya kawaida ni 0.047 µF, iliyoandikwa 473. Ile ya 0.022 µF imeandikwa 223, na 0.1 µF, iliyotumika kwenye Precision za zamani, imeandikwa 104. Toni ikifungwa kabisa, kapasita hii inahamishia kilele chini. Kwa pikapu moja ya henry 3.5, 473 inakipeleka karibu 390 Hz. Pikapu zikiwa mfululizo na kapasita hiyo hiyo, kinafika karibu 280 Hz, chini mno kwa nyimbo nyingi. Aliyeweka swichi na anapiga zaidi mfululizo ajaribu 223, itamrudisha karibu 400 Hz. Anayetaka besi ya reggae ya kuvuma chini aweke 104, asiogope.

Kapasita ya mafuta na karatasi, ile inayouzwa kwa bei ya kuku wawili, haitakupa kitu ambacho ya plastiki ya kawaida haikupi ikiwa thamani zake ni sawa. Wengi wanaosikia tofauti wanalinganisha kapasita ambazo thamani halisi hazikulingana, maana nyingi hutofautiana na maandishi yake kwa asilimia 10 au hata 20. Volti nazo zisikusumbue, ya volti 50 inatosha na kubaki. Hizi hata fundi wa redio wa mtaani anazo. Potensiometa za kuvuta ndizo za kutafuta.

Ukichanganya pikapu za watengenezaji wawili, pima fezi, yaani kama sauti zake zinasukuma upande mmoja, kabla hujalehemu. Weka multimita kwenye millivolti za DC, shika ncha mbili za pikapu, gusisha bisibisi ya chuma kwenye nguzo za sumaku halafu ivute ghafla. Namba itaruka upande wa chanya au hasi. Fanya hivyo kwa pikapu zote mbili, ncha nyekundu ikiwa kwenye waya moto. Zikiruka upande mmoja, sauti ziko pamoja. Zikipishana, geuza nyaya za pikapu moja. Dalili ya kukosea hapa ni sauti nyembamba ya puani pikapu zote zikiwa wazi, noti za chini zikitoweka, kwa sababu noti za chini pikapu zote mbili huzisikia karibu sawa na sasa zinafutana. Ndiyo sababu sioni faida ya swichi ya fezi kwenye besi. Kwenye gitaa ni rangi ya ziada. Kwenye besi inaondoa kile ulichoajiriwa kupiga.

Sumaku ni suala la pekee. Zikabilishe pikapu uso kwa uso zikiwa nje ya besi: zikivutana, ncha zake ni kinyume, na mvumo utafutika sauti zikiwa pamoja. Zikisukumana, ziko sawa, na huwezi kuondoa mvumo kwa kugeuza nyaya. Ukigeuza unaondoa mvumo na noti za chini kwa pamoja. Dawa ni kubadilisha moja ili ncha za sumaku ziwe kinyume.

Besi za P/J, zenye pikapu moja ya Precision (P) na moja ya Jazz (J), zina shida yake. Pikapu ya P imekatwa vipande viwili vilivyounganishwa mfululizo tangu mwaka 1957, inafuta mvumo peke yake. Ya J haina mwenza wa kufuta naye. Kwa hiyo ukifungua J, mvumo unaingia, na ukizifungua zote bado upo. Hakuna ujanja wa waya utakaoliponya hilo. Nunua J yenye koili mbili ndani ya umbo lile lile, na hapo ndipo pesa ya pikapu mpya ina kazi. Sauti za P na J nazo hazilingani. Anza kwa urefu: bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho, acha kama milimita 2.8 upande wa uzi mnene na 2 upande wa uzi mwembamba, halafu ishushe P mpaka zilingane. Kuhusu swichi ya mfululizo kwenye P/J, iache. P tayari iko mfululizo, ukiongeza J juu yake mlio unajaa hadi hausikiki noti.

Wapo wanaotaka volyumu moja na nobu ya kuchanganya badala ya volyumu mbili. Ni nzuri kwa anayebadilisha mlio katikati ya wimbo, lakini nunua potensiometa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, iliyoandikwa MN. Ikiwa katikati, pikapu zote mbili ziko wazi kabisa. Ukitumia ya kawaida yenye ngazi mbili, katikati sauti itashuka na utadhani pikapu ni dhaifu.

Besi yenye betri ina sheria nyingine. Pikapu za kawaida zinazoingia kwenye priampu (kikuza sauti kidogo cha betri) bado zinataka volyumu ya 250k au 500k mbele yake. Pikapu zenye priampu ndani yake, kama nyingi za EMG, zinatumia 25k. Ukiweka pikapu ya kawaida kwenye 25k itakuwa kama imefunikwa blanketi. StingRay ya Music Man ya mwaka 1976 iliziunganisha koili zake mbili sambamba na kuacha priampu iongeze nguvu, na sehemu kubwa ya mng'ao wake inatoka hapo. Jeki ya besi hizi ni ya stereo: hasi ya betri iko kwenye mguu wa pete, na plagi ya kawaida ikiingia inaushikanisha na ardhi, betri inawaka. Ukiacha kebo ndani, betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi. Na fundi akikuwekea jeki ya mono, ama betri haitawaka kabisa, ama ataunganisha moja kwa moja na haitazimika.

Kwenye kulehemu, tatizo kubwa ni chuma kidogo. Mgongo wa potensiometa unanyonya joto. Chuma cha wati 25 kitakaa pale sekunde ishirini na kuichoma potensiometa ndani kabla lehemu haijashika. Tumia wati 40 hadi 60, kwaruza mgongo kwa msasa, weka lehemu kwanza kwenye chuma cha potensiometa halafu ndipo ulete waya. Lehemu ya 60/40 ya milimita moja inafaa. Mafuta ya asidi ya mafundi bomba yasikaribie besi, yanaendelea kula shaba miezi baadaye.

Kabla ya kufunga sahani, chomeka kebo ujaribu. Mvumo ukipungua ukigusa nyuzi, waya wa ardhi wa daraja uko sawa. Ukiongezeka ukigusa, kuna uwezekano mkubwa umepishanisha waya moto na ardhi kwenye jeki. Kama besi inalia sahani ikiwa nje na inanyamaza ikifungwa, mguu moto unagusa karatasi ya shaba uliyobandika ndani ya shimo, mara nyingi ni ulimi wa jeki, na wakati mwingine hugusa pale tu plagi inapousukuma. Bandika tepu ya umeme kwenye shaba mahali hapo, igeuze jeki ili ulimi uelekee kwenye nafasi, halafu chomeka tena ukiwa umekaza skrubu zote.